Meza ya Barua za Watu

Nina meza ya kulia ya watu wanane, na kwa miaka minne sikula chakula juu yake hata siku moja. Nilikula nimesimama kando ya jiko, au nimeketi kitandani na sahani magotini kama mgonjwa. Meza ilikuwa ya barua. Za kwangu zilikuwa chache, nyingi zilikuwa za watu.

Naitwa Kezia. Mimi ni nesi katika nyumba ya kutunza wazee hapa Arlington, na nikisema watu nina maana ya watu waliowahi kulala kwangu. Mimi na marehemu mume wangu, Patroba, Mungu hakutujalia watoto, lakini alitujalia vyumba vitatu na kochi linalokunjuka likawa kitanda. Mkenya akishuka uwanja wa ndege wa Dallas bila jamaa, kulikuwa daima na mtu wa kumpa namba yetu ya simu. Wengine walikaa wiki mbili, wengine mwaka, kila mtu na bahati yake. Na kitu cha kwanza tulichompa mgeni, kabla hata ya ufunguo, kilikuwa anwani. Bila anwani nchi hii hupati leseni, hupati benki, hupati hata kadi ya maktaba. "Andika yetu," Patroba alikuwa akisema. "Kisanduku kipo pale nje, kazi yake ni kumeza barua."

Watu wakahama, anwani ikabaki. Ndivyo tulivyo sisi. Kule kwetu Maragoli kijiji kizima kilitumia sanduku la posta la shule ya msingi aliyofundisha baba. Ijumaa baada ya gwaride mwalimu mkuu alisoma majina, watoto wakapeleka habari nyumbani, na mwenye barua akaja mwenyewe kuichukua. Alifikia kwetu, kwa sababu baba ndiye aliyezitunza. Aliketi, akanywa chai, akasomewa kama hajui kusoma, na mara nyingi giza lilimkuta hapo hapo. Hakuna aliyeona ajabu kutumia sanduku la mwenzake maisha yake yote. Basi mtu akitoka kwangu kwenda Irving, kisha Plano, kisha sijui wapi tena, habadilishi kitu. Anasema ya Anti Kezia haihami. Mmarekani akihama anaingia kwenye mtandao siku hiyo hiyo kubadilisha anwani, sisi tunahama na sufuria tu.

Mwanzoni nilifurahi. Barua ya Lenny ikifika nilimpigia, naye akaja Jumapili kutoka Irving, akiwa bado na sare yake ya kazi ya uwanja wa ndege, akala chapati sita akapitiwa na usingizi kochini. Kipngeno alikuja na mchumba wake ili nimkague, nami nikajifanya sioni bahasha iko wapi mpaka walipomaliza kula. Kisha zikaja hizi simu za kila kitu. "Piga picha unitumie, Anti." Nikapiga, nikatuma, nikarudishiwa kidole gumba. Baadaye hata picha hawakuitaka. Kipngeno sasa yuko Plano, katika jengo la vioo vitupu, na mara ya mwisho nilipompigia alisema, "Tupa tu, Anti, hizo ni takataka." Kwamboka alihamia Minnesota akabadilisha namba. Sheldon alirudi Nairobi bila hata kuaga, lakini kampuni ya simu bado inamuuliza kama angependa kuongeza mtandao.

Sikutupa. Nitatupaje karatasi yenye jina la mtu niliyempakulia uji? Nilizipanga mezani, kila mtu na rundo lake, na marundo yakaanguka yakachanganyika na takataka zangu mwenyewe. Mvua ya mawe ikinyesha leo, kesho mafundi wa paa kumi na watano wameniandikia. Kampuni za umeme zinanibembeleza kama wachumba. Kuna watu wanataka kuninunulia nyumba, wanaandika kwa herufi za mashine zilizotengenezwa zionekane kama mwandiko wa mkono, ati "Kezia, nilipita kwako nikaipenda." Hakupita mtu. Ningemwona. Na kuna kampuni inayouza vifaa vya kusikia ambayo haijaacha kumwandikia Patroba tangu afariki. Ndugu zake mwenyewe hawajaandika hata mstari mmoja, lakini hao wa masikio hawamsahau.

Aliyebaki ni Kanana. Ni msichana wa Meru, mrefu, mwenye kucheka kwa pua, aliyekaa chumba changu cha nyuma miezi minane mwaka ule wa msiba. Hakuja kunitunza, alikuja kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Lakini wiki ile tuliyomzika Patroba, mikono yangu ilipokataa kuinuka, yeye ndiye aliyeniosha nywele kwenye sinki la jikoni na kunisuka. Mtu wa namna hiyo humsahau vipi? Baadaye alipata kazi ya kusaidia wagonjwa hospitalini huko Houston, akaenda, na huko amehama mara tatu kwa sababu ya kodi na watu wa kuishi nao. Pasaka ya mwaka huu alikuja akajaza fomu zake za kuomba makaratasi ya kuishi, akazijazia kwenye kaunta ya jikoni kwa kuwa mezani hapakuwa na nafasi ya kuweka kiwiko. Anwani akaandika yangu.

"Anti, ya immigration ikifika uniambie siku hiyo hiyo," aliniambia akifunga mkanda wa gari. "Hiyo si ya kungoja."

"Najua," nikamwambia. "Hata mimi nilipitia huko."

Ikafika Jumanne, mwanzoni mwa Agosti. Nilipoitoa kisandukuni nilijua. Bahasha nyembamba, dirisha la plastiki, muhuri wa serikali kwenye kona. Joto lilikuwa kali hata kifuniko cha kisanduku kilinichoma vidole.

Sasa nitasema nilichofanya, na usinikatize. Nilisimama pale kando ya barabara nikawaza: nikimwambia ni ya uhamiaji, atasema piga picha. Nitapiga. Ataniambia asante Anti, wewe ni malaika, na hapo Agosti yangu itakuwa imekwisha. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na sababu ya kuja kwangu mwezi ule, wala uliofuata. Kazini naongea na wazee wanaoniita kwa majina ya binti zao. Kanisani tunasalimiana, tunakimbilia magari. Nilikuwa mpweke mpaka nilikuwa naacha redio ikiongea nikitoka, ili nikirudi nikute sauti. Hiyo ndiyo sababu, na sioni haja ya kuipamba.

Nilimpigia jioni hiyo hiyo.

"Kanana, una barua hapa."

"Woi, Anti, niko kazini. Ni ile ya immigration?"

"Ziko kadhaa. Sijaziangalia vizuri."

"Si unipigie picha unitumie kwa WhatsApp?"

"Simu yangu siku hizi picha zake zina ukungu. Njoo uzichukue. Kwani ni lini umekuja?"

Nyuma yake nilisikia mashine za wodini zikilia ti, ti, ti. "Sawa," akasema, "Saturday nita-drive asubuhi. Kama kuna ya maana unishow, eh?"

Simu yangu inapiga picha safi kama maji ya chupa.

Jumamosi ile nilichemsha ndengu, nikakanda chapati, nikabadilisha mashuka ya chumba cha nyuma. Saa tatu alipiga simu kwamba mwenzake ameugua, amebadilishiwa zamu. Nilikula ndengu mpaka Jumatano. Jumamosi ya pili gari lake lilikuwa kwa fundi. "Lakini barua ziko salama, Anti?" "Ziko salama." Nilikuwa nimeiweka kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya kufutia vyombo, na kila nilipochukua kitambaa niliiona. Nikajiambia muda upo. Mimi na Patroba tulipokuwa tunaitwa na ofisi hizo, walitupa nafasi ya wiki sita, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo wiki tatu kitu gani? Isitoshe, sijawahi kufungua barua ya mtu tangu nizaliwe, hata za Sheldon aliyenikimbia, na nilijivunia hilo kama cheo. Ningeifungua ningeona tarehe.

Jumamosi ya tatu alikuja. Saa nne asubuhi nikasikia gari, nikatoka nje na kanga kiunoni, naye huyo anashuka, amekonda kidogo, macho ya zamu za usiku. Tulikumbatiana mpaka akasema, "Anti, unanivunja." Kisha akafungua buti akatoa mifuko mikubwa ya taka, kalamu nene, na mashine ya kukatakata karatasi ikiwa bado ndani ya boksi lake.

"Hii nimekununulia. Leo hiyo meza tunaimaliza."

"Kaa kwanza unywe chai."

"Nitakunywa tukifanya. Zangu ziko wapi?"

"Zimo humo humo," nikasema, nikionyesha meza kwa mkono wote.

Na kweli zilikuwemo za kwake mezani, katalogi za viatu na matangazo ya bima, kwa hiyo nilijiambia sijasema uongo. Nilitaka ale kwanza. Nilijua akishaisoma ile ataanza kutazama saa, na Houston ni saa nne za barabara.

Kanana alikuwa na mfumo wake. Alivua viatu, akapanda juu ya kiti kama mwalimu wa mazoezi akaniambia, "Sikia, Anti. Barua haifiki mezani. Unasimama nje pale kwa pipa la karatasi, una-sort ukiwa umesimama. Tangazo, pipani. Yenye jina na namba zako, kwa mashine. Ya kujibu ndiyo pekee inaingia na wewe kwa nyumba. Ukikaa chini tu nayo, umeisha."

"Na za watu?"

"Za watu unaandika hapa juu 'hayuko hapa', unarudisha kwa kisanduku, mama wa posta anabeba."

"Nikiandika hivyo si ni kama nimewafukuza?"

"Walihama wenyewe, Anti."

Tukaanza. Nilikuwa nikishika bahasha namwambia hadithi ya mwenyewe: huyu Lenny alikuwa anaogopa mashine ya kuosha vyombo, alidhani italipuka. Huyu Kwamboka alilia usiku wa kwanza kwa sababu nje kulikuwa kimya mno, akaomba nilale pembeni yake. Kanana alicheka kwa pua yake, akachukua bahasha mkononi mwangu, akaandika "hayuko hapa" kwa ile kalamu nene. Ilikuwa inanukia spiriti. Kipngeno, hayuko hapa. Kwamboka, hayuko hapa. Baada ya saa moja nilikuwa nimeacha hadithi, namkabidhi tu. Ukweli wenyewe ulikuwa umeandikwa wazi, tena mara nyingi.

Tulipofika kwa Patroba alipunguza mwendo. Rundo lake lilikuwa nadhifu kuliko yote, nilikuwa nalipangusa vumbi.

"Kuna mahali online unaandikisha jina la marehemu, hizi kampuni zinaacha," alisema taratibu. "Naeza kukufanyia saa hii. Ni dakika mbili."

"Wakiacha, jina lake halitaandikwa tena popote."

Alikaa sakafuni karibu na miguu yangu, akasubiri. Mwishowe nikamwambia fanya. Akaandika jina lake herufi kwa herufi, akaniuliza tarehe, nikamtajia, akabonyeza. Tangazo moja la vifaa vya kusikia nililiomba, akaniachia. Mengine aliyatia kwenye mashine, nayo ikanguruma ikasaga, na mimi nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Saa nane mchana meza ilikuwa wazi. Nilikuwa nimesahau rangi yake. Kwenye mbao kulikuwa na alama ya duara, hapo Patroba alipowahi kuweka chungu cha moto, tukagombana siku mbili. Tulipakua ndengu na chapati tukakaa mezani kama watu, Kanana upande huu na mimi upande ule, na akala, akaongeza, akanisimulia vituko vya wodi yao. Kuna mgonjwa mzee wa Kikongo huko aliyekataa chakula cha hospitali mpaka mkewe, Clothilde, alipomletea fufu iliyofichwa ndani ya mkoba wa Biblia. Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Kwa saa ile moja nilikuwa na furaha kabisa, na sitasema kwamba haikuwa furaha kwa sababu tu niliipata kwa hila.

Kisha akatazama saa.

Nikainuka, nikafungua droo, nikatoa vitambaa, nikaweka bahasha mbele yake karibu na sahani. Hakukuwa na karatasi nyingine pale ya kuificha.

Alifuta vidole kwanza. Akaichana kwa uangalifu, akasoma. Niliona macho yake yakishuka, yakasimama, yakarudi juu yakashuka tena. Akageuza bahasha akatazama muhuri wa posta.

"Ni ya kwenda kutoa alama za vidole," akasema. "Ilikuwa Thursday."

"Alhamisi ijayo?"

"Juzi, Anti. Hapa Dallas, saa tatu asubuhi."

Kila mtu aliyepitia mambo hayo anajua maana yake. Usipofika bila kutoa sababu, wanaweza kuhesabu kwamba umeacha maombi, wakafunga faili, na kazi yako, leseni yako, shule uliyolipia, vyote vinasimama kwenye faili hilo.

"Ilifika lini hapa?"

"Karibu wiki tatu."

"Siku ile uliponipigia?"

"Siku ile."

"Nilikuuliza kama ni ya immigration."

"Uliniuliza."

Alinitazama. Nilingoja anipigie kelele, nami nilikuwa tayari, hata nilitamani. Alisukuma kiti nyuma, akatoka nje, na kupitia dirishani nikamwona akizunguka gari lake kwenye jua na simu sikioni. Alikuwa anampigia Jackie, rafiki yake wa kanisani Houston, ambaye ni karani kwa wakili. Alizunguka lile gari mara nyingi. Mimi nilitoa sahani mezani, nikapangusa, nikapangusa tena.

Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya kazini, ile tunayoitumia kwa jamaa wa wagonjwa.

"Jackie anasema Jumatatu niandike kuomba tarehe ingine, niweke na explanation. Na mwenye nyumba aandike yake, kwa nini sikuipata. Wanaeza kukubali. Wanaeza kukataa." Akapumua. "Anasema tuseme ilipotea kwa karatasi. Si zilikuwa nyingi? Andika hivyo. Ilichanganyika na za watu."

Ulikuwa uongo mzuri. Mtu yeyote aliyewahi kuiona ile meza angeapa kwamba ni kweli, na mifuko minne ya ushahidi ilikuwa imesimama kando ya mlango. Nikasema sawa. Nikaanza kutafuta karatasi tupu, na utacheka, katika nyumba ile hapakuwa na hata moja. Mwishowe nilichana ukurasa kwenye daftari langu la kikundi cha akina mama kanisani, nikakaa mezani.

Niliandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko niliofundishwa na baba. Jina langu, anwani yangu, kazi yangu. Kwamba Kanana aliwahi kuishi kwangu na alitumia anwani yangu kwa ruhusa yangu. Kwamba barua ilifika Jumanne fulani. Hapo ndipo palikuwa pa kuandika 'imepotea', na kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Nikawaza jinsi afisa mmoja atakavyosoma: huyu msichana amejali nini, kama barua ya maisha yake inalala kwenye takataka za mtu? Kosa lingekuwa lake, na takataka zangu zingekuwa shahidi. Basi nikaandika kwamba niliiona barua siku ile ile na nikajua imetoka wapi. Kwamba aliniuliza kwa simu, nami nikamficha. Nilipofika kwenye 'kwa sababu', nikaweka kalamu chini. Kisha nikaishika tena nikaandika: nilitaka aje kunitembelea. Ni sentensi fupi sana. Nikatia sahihi, nikaandika namba yangu ya simu.

Kanana alisoma akiwa amesimama.

"Anti, hii siwezi kupeleka. Kuficha barua ya mtu huku ni crime. Na leseni yako ya nursing je?"

"Ndiyo iliyotokea."

"Si lazima waambiwe hivi."

"Wewe huna kosa. Wakisoma hiyo watajua huna kosa. Ipeleke."

Alisimama na ile karatasi mkononi, akaisoma tena mpaka mstari wa mwisho. Kisha akaikunja mara tatu, akaitia kwenye mkoba pamoja na ile ya uhamiaji. Ni Oktoba sasa ninapoandika haya, na bado anasubiri jibu. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu mpaka leo.

Kabla ya kuondoka alikaa mezani na simu yake akabadilisha anwani kila mahali. Posta kwanza, kisha uhamiaji, benki, leseni, bima ya gari. Alikuwa ananitajia kila moja inapokwisha, si kwa ubaya, nadhani alikuwa anajihakikishia mwenyewe. Nilikuwa namfungia chapati kwenye karatasi ya foili. Mashuka mapya ya chumba cha nyuma hakuyaona.

Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Mifuko ya karatasi tuliibeba wote, mmoja mmoja kila mkono, tukaiegemeza kwenye pipa kando ya barabara. Alifungua mlango wa gari, hakuingia.

"Ungesema tu, Anti," alisema. Hakukuwa na hasira ndani yake, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Ningesema nini?"

"Kwamba unataka nije. Hivyo tu, bila barua."

"Ungekuja?"

Aliweka chapati kwenye kiti cha mbele. Akachezea funguo. Kanana amelelewa vizuri, na angeweza kuniambia ndiyo, maana watu wanaoagana wanaambiana ndiyo kila siku na hakuna anayewadai. Alinitazama usoni, nami nikaona anajaribu kweli kweli kukumbuka zamu zake, uchovu wake, saa nne za kuja na saa nne za kurudi.

"Sijui, Anti," alisema.

Nikamshika kichwa nikambusu kwenye paji la uso, nikamwambia aendeshe polepole akipita Corsicana, askari wanajificha pale. Nilibaki nimesimama mpaka gari lilipokata kona. Jibu lile nililijua wiki zote zile, na ndiyo maana sikuthubutu kumuuliza.